Stockholm kwa Miguu



Tangu tuliporejea kutoka Uswidi, swali tuliloulizwa mara nyingi zaidi halikuwa la baridi wala la nauli. Lilikuwa hili: miji yote ya ulimwengu imekwisha, hata sheikh na ahali yake wakapumzike katika mji ule ambao Msahafu ulichomwa moto mbele ya msikiti siku ya Idi? Swali hili ni la haki na tutalijibu, ila tutalijibu mahali pake, tutakapofika mlangoni mwa msikiti wenyewe. Kabla ya hapo itambidi msomaji atembee nasi kidogo, kwa kuwa safari yetu yote ilikuwa ya kutembea.

Aliyetualika ni mpwa wetu, ambaye anafanya kazi Stockholm na kuishi huko na mkewe. Alikuwa akitualika kwa miaka mingi, nasi tukimjibu inshallah. Kilichotufanya tukubali mwaka huu ni sukari. Ahali yetu, ambaye ametupa idhini ya kuyaandika haya, ana maradhi hayo kwa mwaka wa nane sasa, na kila aendapo kliniki huambiwa neno lile lile: mama, tembea, nusu saa kwa siku. Agizo ni jepesi kulitamka. Lakini anayeujua Mji wa Kale wetu ataelewa. Mwanamke wa makamo, mwenye goti bovu, aliyevaa buibui lake, atatembea wapi nusu saa? Kichochoroni, pikipiki humpigia honi mgongoni na tuktuk humbana ukutani. Penye nafasi pana mtaro ulio wazi, au mikokoteni imeegeshwa. Na akishavuka hayo yote hukutana na baraza, na baraza lina macho na lina ulimi: mke wa sheikh anakwenda wapi peke yake, hana kikapu wala hana mwana? Basi kwa miaka minane alitembea ukumbini, kutoka mlango hadi dirisha, akihesabu tasbihi.

Tulifika huko katikati ya mwezi wa Juni, baada ya Idi ya kuchinja, tukakaa majuma matatu. Wenyeji wetu walikuwa wakitoka asubuhi kwenda kazini, nasi tukitoka nyuma yao na mfuko mmoja tu: chupa ya chai, mkate, dawa za mama, msala, na chupa ya maji ya kujisafishia, kwa sababu vyoo vya nchi zile vina karatasi na havina maji. Hatukuwa na ratiba. Tulipochoka tuliketi, na viti vya kukalia haviko mbali. Kila penye mti mkubwa au penye kuonekana maji, wameweka kiti.

Stockholm umejengwa juu ya visiwa 14, mahali ambapo ziwa Mälaren linamwaga maji yake katika Bahari ya Baltiki. Mtu wa Mombasa hajihisi mgeni sana katika mji wa namna hiyo. Sisi tuna kisiwa kimoja chenye daraja la Nyali upande mmoja na Makupa upande mwingine, na kwa Likoni tunasubiri feri na kuvumiliana. Wao wameviunganisha visiwa vyao kwa madaraja zaidi ya 50, na karibu kila daraja lina njia ya miguu pana kuliko barabara nyingi za kwetu. Katikati kabisa ya mji, chini ya kasri la mfalme, maji ya ziwa huteremka baharini kwa kasi, na hapo utaona watu wamesimama na mishipi yao wakivua. Ruhusa ni ya kila mtu na hailipiwi. Tulisimama pale muda mrefu kumtazama mzee mmoja, na ahali yetu akatuambia kwa sauti ya chini, "Sheikh, huyu hapati kitu. Amekuja kupumzika na mkewe."

Jambo la kwanza tulilolazimika kujifunza ni kuvuka barabara. Waswidi nao walikuwa wakiendesha magari upande wa kushoto kama sisi, hadi tarehe 3 Septemba 1967, siku waliyohama nchi nzima kwenda kulia. Mgeni kutoka Kenya hutazama kulia kwanza, na gari likamjia kutoka kushoto. Lakini gari hilo husimama. Kwenye kivuko kisicho na taa, sheria humtaka dereva ampishe mwenye miguu, na siku za mwanzo ahali yetu aliona haya kwa jambo hili. Alikuwa akiwapungia mkono madereva wapite wao, nao wakimpungia yeye apite, na hivyo pande zote mbili zikabaki zikikirimiana katikati ya njia. Penye taa pana kidude kinacholia tik, tik, polepole wakati wa kungoja na kwa haraka wakati wa kuvuka, kwa ajili ya wasioona. Kufikia siku ya tatu ahali yetu alikuwa akivuka kwa sikio huku akiendelea na mazungumzo.

Mwaka 1997 bunge lao lilipitisha azimio kwamba nchi ifanye kazi hadi asibaki mtu wa kufa wala kuumia vibaya barabarani. Hawajafika huko. Lakini tulipolisikia tulikumbuka kwamba Mtume wetu (s.a.w.) aliwafundisha masahaba kuwa njia ina haki yake, na akaitaja haki yenyewe: kuinamisha macho, kujizuia na maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Sisi hufundisha hadithi hiyo madrasani kila mwaka. Watoto huihifadhi vizuri kabisa, kisha hutoka nje wakatafute pa kukanyaga.

Njia ikiwa pana, watu wawili huenda bega kwa bega. Mwenye kuishi katika vichochoro vyetu huenda mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa kuwa nafasi ndivyo ilivyo, na mtu wa mbele hazungumzi na wa nyuma ila kwa kupaza sauti. Miaka 29 ya ndoa, na mengi ya mazungumzo yetu yamekuwa ya nyumbani: unga umekwisha, fulani ana homa, maji hayaji. Kule tuliyazungumza mambo ambayo hayana chumba ndani ya nyumba. Alitueleza kwa mara ya kwanza namna alivyoogopa siku alipoambiwa ana sukari, akarudi nyumbani akapika kama kawaida. Vitabu vya hadithi vinasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha safarini, mara ya kwanza Bi Aisha akashinda, na baada ya miaka Mtume akashinda yeye. Masheikh hutaja kisa hiki kwenye hutuba za harusi, watu wakacheka, wakala pilau. Ni aghalabu kutaja kwamba mbio zile zilihitaji uwanja.

Tuliuanza mji kwa sehemu yake kongwe, iitwayo Gamla Stan, maana yake ni Mji wa Kale. Huko ahali yetu alipumua. Nyumba ndefu zilizosongamana, kuta za rangi ya manjano na ya udongo, mawe ya njiani yaliyolainishwa na viatu vya karne nyingi. Ni Mombasa iliyokosa sauti ya adhana na harufu ya udi. Ipo njia moja pale, Mårten Trotzigs gränd, iliyopewa jina la mfanyabiashara wa Kijerumani, ambayo mwisho wake ina ngazi 36 na upana wa sentimita 90 tu. Watalii hupanga foleni kupigwa picha. Sisi tulipita. Mtu aliyekulia Lamu au Mji wa Kale hana haja ya kulipia nauli ya ndege akaone kichochoro, ingawa ni lazima tukiri kwamba chao hakina pikipiki.

Uwanja wa katikati, Stortorget, ni mzuri, na ni mahali pa damu. Novemba ya mwaka 1520 mfalme wa Denmaki, baada ya kuvikwa taji mjini humo, aliwakamata wageni wake aliowaalika na kuwaua pale watu zaidi ya 80. Leo wanauza kahawa.

Lakini lililotukalia moyoni kuliko nyumba zote ni merikebu. Kisiwa cha Djurgården, ambacho ni bustani na msitu, kina jumba lililojengwa makusudi kuihifadhi merikebu iitwayo Vasa. Tulitembea hadi huko kando ya maji, mwendo wa karibu saa nzima kwa vituo vyetu. Merikebu hii ilikuwa na urefu wa mita 69 na mizinga 64, imenakshiwa kwa masanamu mamia, nayo iling'oa nanga kwa mara ya kwanza tarehe 10 Agosti 1628. Ilikwenda mita 1,300 hivi. Upepo ukaipiga, ikalala upande, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga, ikazama mbele ya mji mzima uliokuja kuitazama. Watu kama 30 walikufa.

Ahali yetu ni mjukuu wa fundi wa vyombo, na hapa yeye ndiye aliyekuwa sheikh nasi tukawa wanafunzi. Aliitazama kutoka chini hadi juu, kisha akasema, "Farumi haitoshi. Na tumbo ni jembamba." Ndivyo hasa walivyoandika wataalamu ukutani: chombo kilikuwa kizito juu kuliko chini, na mawe yaliyotiwa kama farumi, tani 120 hivi, hayakuweza kukishika, wala hapakuwa na nafasi ya kuongeza. La kuhuzunisha ni kwamba walijua. Kabla ya safari waliwafanya watu 30 wakimbie kutoka ubavu mmoja hadi wa pili ili wapime uthabiti, na chombo kikayumba hata amiri aliyekuwepo akaamuru waache, kisije kikazama hapo gatini. Mfalme alikuwa vitani ng'ambo akiihimiza merikebu yake iondoke. Hakuna aliyethubutu kumwandikia kwamba haiwezi. Baadaye likafanywa baraza la uchunguzi, na hakuna aliyetiwa hatiani.

Ilikaa chini ya maji miaka 333, ikaibuliwa mwaka 1961, na mbao zake karibu zote ni zile zile za asili. Tuliuliza inawezekanaje, maana sisi tunajua chombo kikikosa deheni miezi michache tu bahari huanza kukila. Jibu ni kwamba Baltiki ina chumvi hafifu mno, na wadudu wale wanaotoboa mbao hawawezi kuishi humo. Lau ingalizama Kilindini, isingalibaki hata msumari wa kusimulia. Tuliondoka saa za kufunga, na njia nzima ya kurudi ahali yetu alikuwa akitueleza jinsi babu yake alivyokuwa akikikagua chombo kwa kupiga ubao na kusikiliza mlio. Hakuwahi kutuhadithia hayo.

Ya tumboni tuyapitie upesi. Samaki wa bahari ni wengi na ni halali, na dagaa wao wakubwa wa Baltiki, waliokaangwa na kuwekwa juu ya mkate mkavu, hawana ubaya. Nyama tulikula nyumbani kwa mpwa wetu tu. Kitu kilichotushangaza ni kwamba Waswidi wana ada ya kusimamisha kazi, mchana na alasiri, wanywe kahawa pamoja na kitu kitamu, nao huiita fika. Na kitu kitamu chenyewe aghalabu ni andazi lililosokotwa, lenye iliki. Iliki nyingi, iliyosagwa nusu, kama ya mahamri. Ahali yetu alikula robo, akatukabidhi zilizobaki, akasema kwamba hata kule mwisho wa dunia kuna mtu ameamka alfajiri kumwaga iliki kwenye unga. Ila msafiri ajue: maduka mengi hayapokei fedha taslimu. Tulikuwa na noti mfukoni na hatukuweza kununua maji. Sisi tuliozoea kulipa kwa simu hatukushangaa na jambo lenyewe, ila mtambo wao wa simu unataka akaunti ya benki ya huko, kwa hiyo mgeni achukue kadi.

Sasa tuje kwenye sala, kwa kuwa hili ndilo ambalo wanafunzi wetu walitutuma tukalitazame kwa macho.

Mombasa jua hutua kati ya saa 12 na saa moja jioni mwaka mzima, na mtu anaweza kuishi hadi uzeeni asifikirie kwamba wakati ni neema. Stockholm, katika juma lile la Juni, jua lilitua saa 4:08 usiku na kuchomoza saa 9:31. Adhuhuri iliingia karibu saa 7 kasoro dakika kumi. Na kati ya kutua na kuchomoza hapakuingia giza. Mbingu ya kaskazini ilibaki na mwanga wa rangi ya samawati na wekundu hafifu, ikajisogeza taratibu kutoka magharibi kwenda mashariki, na kabla haijafika ikawa ni alfajiri. Isha kwa fiqhi yetu huingia shafaki inapotoweka. Ikiwa shafaki haitoweki, Isha inaingia lini? Kule jambo hili hudumu tangu mwisho wa Aprili hadi katikati ya Agosti.

Msingi wa jawabu uko katika hadithi aliyoipokea Muslim, ambapo masahaba walielezwa habari za Dajali, na kwamba siku moja katika siku zake itakuwa kama mwaka. Hawakuuliza watapigana naye vipi. Waliuliza kama sala za siku moja zitatosha kwa siku hiyo, wakajibiwa kwamba hazitoshi, bali wakadirie. Kutokana na kukadiria huko wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakasema kwamba watu wa nchi isiyopoteza shafaki watafuata kadiri ya nchi iliyo karibu nao zaidi inayoipoteza. Wengine wameugawa usiku kwa mafungu, na wako waliowaruhusu wakazi wa huko kukusanya Magharibi na Isha kwa ajili ya uzito. Sisi, kwa kuwa tulinuia kukaa zaidi ya siku nne, hatukuwa na ruhusa ya kufupisha. Tuliswali kamili, na katika Isha tulifuata ratiba ya msikiti wa mji, kwa sababu mgeni haji na fitina mfukoni.

Kuyasoma haya kitabuni ni jambo moja. Kuketi dirishani saa 6 usiku, na mkeo kando yako, mnasubiri giza ambalo halitakuja, ni jambo jingine. Ahali yetu aliuliza swali ambalo hatujalikuta kwa sharehe yoyote: wanawake wa huku wenye watoto wachanga hulala lini? Tulimuuliza mke wa mpwa wetu asubuhi. Alicheka tu, akasema, "Mkaza mjomba, sisi hulala mwezi wa Disemba."

Tufike basi msikitini.

Msikiti wa Stockholm uko katika kisiwa cha Södermalm, kando ya bustani ndogo. Jengo lake lilikuwa kituo cha umeme kilichokamilika mwaka 1903, kazi ya msanifu Ferdinand Boberg, ambaye alivutiwa na majengo ya Kiislamu, ndiyo maana matofali na madirisha yale marefu yalionekana kama yanasubiri. Likafunguliwa kuwa msikiti mwaka 2000, kwa mchango mkubwa wa Sheikh Zayed wa Imarati, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini sawasawa. Pale wanaelekea kusini mashariki, na kwa siku mbili mwili wetu ulitaka kugeuka wenyewe.

Nje ya msikiti huu, tarehe 28 Juni 2023, siku ya Idi, mtu mmoja mwenye asili ya Iraki, ambaye jina lake hatuna haja nalo, alichoma Msahafu kwa kibali cha polisi. Serikali ilisema siku chache baadaye kwamba kitendo kile ni cha chuki kwa Uislamu, lakini kibali kilikwisha kutoka. Januari ya mwaka 2025 mtu yule aliuawa kwa risasi, siku moja kabla ya mahakama kutoa hukumu ya kesi iliyomkabili. Hatukushangilia habari ile tulipoisikia, wala hatuoni kwamba Msahafu ulihitaji damu ya mtu.

Kwa nini basi tulikwenda? Kwa sababu Waislamu wa mji ule hawakuhama. Waliswali Idi siku ile, na siku ya pili wakafungua mlango alfajiri. Kuususia mji kwa hasira, tukiwa Mombasa, ni jambo rahisi ambalo halimgharimu mtu kitu. Na ndugu zetu walioko pale wangepata faida gani? Hii ni rai yetu, na anayeona vingine tunamheshimu. Hata hivyo tusijifanye mashujaa: ahali yetu aliogopa. Kabla ya safari alitaka kujua kama avae buibui au ajifunge mtandio tu asitambulike. Tulimwambia avae kile kinachompa utulivu, na alivaa buibui siku zote 21. Mara moja tu kijana alimpigia kelele kutoka dirishani mwa gari. Hatukujua alisema nini, na kutojua lugha kuna wakati ni rehema. Na mara nyingi, hatukuzihesabu, watu walimsogezea mfuko wao ili akae.

Ijumaa tuliyokwenda ilisadifu mkesha wa sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, ambayo siku zote huwekwa Ijumaa. Siku hiyo Stockholm huhama. Watu huenda mashambani na visiwani, maduka hufungwa, na njia zilizokuwa na watu jana hubaki na ndege. Tulitembea katika mji mtupu nusu saa nzima, hata tulipokaribia tukaanza kuwaona: Wasomali, Waarabu, Wabangali, Waturuki, vijana wa Kiswidi wenye nywele za rangi ya mkonge, wote wanaelekea upande mmoja. Ndani palijaa. Nje, katika bustani, hatua chache kutoka mlangoni, watoto waliobaki mjini walikuwa wakicheza na mbao zao za magurudumu, wakianguka na kuinuka. Hutuba ilipokwisha na watu kumwagika nje, baadhi ya watoto waliotoka msikitini walivua kanzu, wakakimbilia huko huko. Ahali yetu alitoka kwa mlango wa wanawake akiwa ameshikwa mkono na mama wa Kisomali kutoka Kismayu. Walikuwa wakizungumza Kiswahili, ule wa Kibajuni hasa, na hawakutaka kuachana.

Juma lililofuata tulikwenda makumbusho ya historia kutazama mambo ya Wavikingi, wale mabaharia waliotisha Ulaya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Sisi tulidhani tutaona mashoka. Mashoka yapo. Lakini penye hazina za fedha tulikuta dirhamu, na dirhamu zenyewe ni za Waislamu. Wavikingi wa upande ule walikuwa wakishuka kwa mito ya Urusi hadi nchi za Volga, wakiuza ngozi na watumwa, na wakilipwa fedha iliyopigwa Baghdad, Samarkand na Shash. Fedha ile waliirudisha kwao wakaifukia. Katika kisiwa cha Gotland peke yake, mwaka 1999, ilifukuliwa hazina moja yenye kilo 67 za fedha na sarafu zaidi ya 14,000, nyingi yazo za nchi za Kiislamu.

Tuliinama juu ya kioo. Hati ni ya Kikufi, haina nukta, na baadhi ya sarafu zimekatwa vipande kwa ajili ya kupima uzito. Ahali yetu alisoma kwa kidole, polepole, kama anavyowasomesha watoto wa darasa la kwanza, na alipofika katikati ya sarafu akakisoma kwa sauti kile kilichoandikwa pale: kalima ya tauhidi, kwamba hapana Mola ila Mwenyezi Mungu peke Yake, hana mshirika. Mlinzi wa chumba, mama wa makamo, alisogea akauliza kwa Kiingereza kama kweli tunaweza kusoma. Tukamsomea. Akatuomba tumsomee na ya pili, na ya tatu, kisha akaenda kumwita mwenzake.

Siku za mwisho tuliziachia msitu. Ipo katika nchi ile haki iliyoandikwa hata ndani ya katiba, kwamba kila mtu, mwenyeji na mgeni, ana ruhusa ya kupita msituni na kando ya maji, hata penye ardhi ya mtu, akachuma matunda ya mwitu, maadamu hasumbui nyumba ya mtu wala haharibu mazao. Ahali yetu aliuliza mara tatu kama ni kweli hatutafukuzwa. Sisi tunatoka pwani ambako vichochoro vya kuteremkia baharini vinazibwa kuta kimoja baada ya kingine, hata mvuvi amezaliwa hatua mia moja kutoka ufukweni na leo lazima azunguke kilomita mbili kuifikia ngalawa yake. Aliteremka hadi kwenye maji, akavua viatu, akatia miguu. Maji yalikuwa baridi. Akayatoa upesi, kisha akayarudisha.

Kipimo chake cha sukari, tuliporudi kliniki mwezi wa Julai, kilikuwa kimeshuka. Daktari alimwambia asiache. Sasa baada ya sala ya Alfajiri, kabla pikipiki hazijaamka, tunatoka pamoja hadi Ngome na kurudi, na pale njia inapobana yeye hupita mbele. Majirani wawili wanawake wameanza kutufuata, na wiki hii ameongezeka wa tatu, ambaye naye aliambiwa na daktari. Watu wa barazani wangali wakisema.